UCHAMBUZI: Ni nani atakayewalea wanasayansi wa sola Homa Bay na Migori?

GIZA linapotanda katika fuo za Mbita, Sindo na Karungu, wavuvi wa omena husukuma mashua zao majini wakiwa na taa za kuvutia samaki. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi taa za betri, nyingine zikichajiwa kwa nguvu za jua, zimechukua nafasi kubwa, na anayetazama ziwa kutoka ufuoni usiku huona kitu kinachofanana na mji uliojengwa juu ya maji.

Mabadiliko hayo yamewapunguzia wavuvi gharama na moshi. Hata hivyo, paneli, betri na taa zenyewe hutoka ng'ambo, na chombo kinapoharibika wengi hawana pa kukipeleka ila kwa fundi wa simu sokoni, ambaye naye hukisia tu. Kaunti za Homa Bay na Migori zilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.2 katika sensa ya mwaka 2019. Zina jua la kutosha mwaka mzima na kila moja ina chuo kikuu cha umma. Zilichokosa ni kizazi cha wataalamu wanaojua kinachotendeka ndani ya ile paneli, na ambao wamelelewa na wataalamu waliowatangulia.

Upungufu huo hautokani na ukosefu wa miradi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo mjini Mbita ambako wavuvi walikodi taa za betri zilizochajiwa kwa sola, ili waachane na mafuta ya taa. Miaka michache baadaye, kati ya 2012 na 2015, Kisiwa cha Rusinga kilikuwa uwanja wa mradi wa SolarMal, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi pamoja na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na washirika wengine. Mradi huo ni mojawapo ya majaribio makubwa zaidi ya kisayansi kuwahi kufanywa kwa kutumia sola vijijini barani Afrika, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Watafiti walikuwa na mtego wa mbu unaotoa harufu iliyotengenezwa kuiga harufu ya binadamu. Mtego huo una feni ndogo inayomvuta mbu ndani, na feni huhitaji umeme. Rusinga, kama visiwa vingi vya ziwa hilo, ilikuwa na nyumba chache mno zilizounganishwa na nyaya za umeme. Kwa hivyo nyumba zaidi ya 4,000 zilifungiwa paneli juu ya paa, mtego ukutani, taa mbili na mahali pa kuchajia simu. Hapo palikuwa na busara: mwenye nyumba angeutunza mtambo kwa sababu ya taa na simu, na papo hapo mtego ungeendelea kuwanasa mbu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet. Kiwango cha malaria katika maeneo yaliyokwisha kuwekewa mitego kilikuwa asilimia 23.7, ilhali katika maeneo ambayo hayajafikiwa kilikuwa asilimia 34.5. Idadi ya mbu aina ya Anopheles funestus, waenezaji wakuu wa malaria kisiwani, ilikuwa chini kwa karibu asilimia 70. Miongoni mwa waandishi wa utafiti huo walikuwamo Wakenya, akiwemo Wolfgang Richard Mukabana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwenyewe alipata uzamifu wake Wageningen.

Tofauti iliyopo hapa ni ya kuzingatiwa. Upande wa mbu, Kenya ilikuwa na watu wake: wataalamu waliosomea tabia za mbu, waliotunga harufu, waliohesabu vimelea katika damu. Upande wa sola, vifaa vilinunuliwa. Hapakuwa na kikundi cha wanafizikia wa eneo hilo kilichouliza kwa nini betri fulani inakufa mapema au jinsi joto na unyevu wa ziwa unavyoipunguzia paneli nguvu. Mradi ulipofikia kikomo, suala la nani atalipia betri mpya liliwaangukia wenyeji.

Kwa nini basi Mbita ina wataalamu wa wadudu na haina wataalamu wa jua? Jibu lina jina. Ni Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, kisha akapata uzamifu Cambridge mwaka 1965 chini ya Vincent Wigglesworth, aliyekuwa bingwa wa dunia katika elimu ya miili ya wadudu. Angeweza kubaki huko. Alirejea Nairobi, na mwaka 1967 akaandika makala katika jarida la Science la Marekani akidai kwamba Afrika Mashariki ijenge vituo vichache vya utafiti wa hali ya juu badala ya kutapanya fedha kidogo kidogo kila mahali. Mwaka 1970 icipe ilianzishwa. Mwanzo wake ulikuwa majengo duni ya muda, na wengi waliliona wazo hilo kuwa ndoto ya mtu mmoja.

Mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, haukuwa majengo wala hata utafiti wake kuhusu nzige. Ulikuwa mpango wa ulezi. Desturi ya wakati ule, na ya leo pia, ni kijana wa Kiafrika kufunga safari kumfuata profesa Ulaya au Marekani, na mara nyingi asirudi. Odhiambo aliigeuza desturi hiyo. Aliwashawishi wanasayansi mashuhuri, miongoni mwao Carl Djerassi wa Stanford na Koji Nakanishi wa Columbia, wawe wakurugenzi wa utafiti wa kituo hicho. Hawakuhamia Kenya. Walikuja mara kadhaa kwa mwaka, wakakaa na watafiti vijana, wakakagua kazi zao, wakakosoa, wakaondoka, wakarudi tena. Kijana alibaki Nairobi au Mbita akifanya utafiti juu ya wadudu wa Afrika, na mlezi ndiye aliyepanda ndege.

Mwaka 1983 ukazinduliwa mpango wa ARPPIS, ambao kwao vyuo vikuu vya Afrika viliungana na icipe kuwafunza wanafunzi wa uzamifu katika sayansi ya wadudu. Mwanafunzi husajiliwa na chuo chake, hufanyia utafiti katika maabara za icipe, na huwa na msimamizi kila upande. Odhiambo alistaafu uongozi mwaka 1994 na kufariki mwaka 2003. Kituo cha Mbita leo hubeba jina lake. Ni hapo Mbita ambapo Zeyaur Khan na wenzake waliboresha, kuanzia miaka ya 1990, mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya mabingobingo pembeni ili kuwafukuza viwavi na kudhibiti kiduha. Mbinu hiyo imewafikia wakulima wengi wa Homa Bay na Migori. Bila ule mpango wa ulezi, pengine kituo kingekuwa jengo jingine lililosimama kando ya ziwa likiota kutu.

Katika sola, historia imekwenda njia nyingine. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika ambako wananchi wa kawaida walinunua sola kwa fedha zao. Mwaka 2011 kiwanda cha kuunganisha paneli kilifunguliwa Naivasha, lakini seli zenyewe ziliendelea kuagizwa kutoka nje. Mwaka 2012 M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu. Mwishoni mwa 2019 mtambo wa Garissa wa megawati 50 ulizinduliwa. Zote hizi ni hatua za biashara na za matumizi. China, kwa upande wake, ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 80 ya hatua zote za utengenezaji wa paneli duniani kufikia mwaka 2022, na hakuna anayetarajia Rongo kushindana na Shanghai katika kuyeyusha silikoni.

Kuna hata hivyo tawi moja la sayansi ya sola ambalo halihitaji tanuri la nyuzi 1,400. Ni lile la seli za jua za kikaboni, yaani seli zinazotengenezwa kwa polima na molekuli za kaboni, jamaa za plastiki na rangi.

Msingi wake ulikuwa ugunduzi wa miaka ya 1970 kwamba plastiki fulani zinaweza kupitisha umeme, ugunduzi uliowapa Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alionyesha seli ya tabaka mbili iliyobadili kiasi cha asilimia moja tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Asilimia moja ni kichekesho sokoni, lakini maabarani ilikuwa mlango.

Ugumu ulikuwa huu. Mwanga unapoipiga polima, elektroni huamka lakini hubaki imefungamana na nafasi iliyoiacha. Jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 kisha hufa. Unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hivyo safari hiyo ni fupi mno. Niyazi Serdar Sariciftci na Heeger walionyesha mwaka 1992 kwamba elektroni huruka upesi kutoka polima hadi molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Ilipofika 1995, watafiti walikuwa wameamua kuvichanganya vitu hivyo viwili kama ugali na mchuzi badala ya kuvipanga kama mkate na siagi, ili kila jozi ikute mpaka karibu nayo kabla haijafa. Mwaka 2019 kikundi cha Zou Yingping nchini China kilitangaza molekuli mpya iliyofikisha ufanisi wa asilimia 15.7, na tangu hapo seli ndogo za maabara zimekaribia au kufikia asilimia 20.

Mchanganyiko huo huyeyushwa kama wino na kutandazwa juu ya kioo au plastiki. Maabara ya mwanzo huhitaji mzani mzuri, mashine ndogo ya kuzungusha kioo, sanduku lililojazwa naitrojeni, kifaa cha kupakia chuma chembamba na taa inayoiga jua. Si vitu vya bei ya sokoni Oyugis, lakini si kiwanda pia. Ndiyo sababu vyuo vya nchi zisizo tajiri vimeweza kuingia katika uwanja huu.

Mfano wa karibu uko Ethiopia. Wendimagegn Mammo, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ameshirikiana na Mats Andersson na Olle Inganäs, waliokuwa Chalmers na Linköping nchini Sweden, katika kutengeneza polima za seli za jua. Majina ya Waethiopia katika makala za kikundi hicho si ya wageni waalikwa. Ni ya waliounda molekuli zenyewe. Mwenzake wa Cameroon, Daniel Egbe, alifanya utafiti wa polima hizo Linz, Austria, katika taasisi iliyoongozwa na Sariciftci yuleyule, kisha mwanzoni mwa muongo wa 2010 akaongoza kuundwa kwa ANSOLE, mtandao wa Waafrika wanaotafiti nishati ya jua, ili mwanafunzi wa nchi moja apate nafasi katika maabara ya nchi nyingine.

Nairobi nayo ina ukoo wake. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kupitia watu kama Bernard Aduda na Julius Mwabora, imejenga kwa miaka mingi kikundi cha utafiti wa seli za jua kwa msaada wa mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mkazo wao mkubwa umekuwa tabaka za titani na seli zinazotumia rangi, binamu wa seli za kikaboni. Wanafunzi waliopita mikononi mwao sasa hufundisha katika vyuo kadhaa nchini. Mtu akitaka kujua kwa nini fizikia ya sola haikufa Kenya katika miaka ambayo bajeti za utafiti zilikuwa karibu sufuri, aanze hapo.

Hata hivyo, ukoo huo haujafika ziwani kwa nguvu zinazotosha. Chuo Kikuu cha Rongo, katika Kaunti ya Migori, kilipata hati yake mwaka 2016 baada ya kuwa tawi la Moi. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilizaliwa kutoka Maseno na kupata hati mwaka 2022. Chuo hicho cha pili kina jina la mtu aliyezikwa Rusinga, ambaye mwaka 1959 aliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja kwa kuwa hapa nyumbani hapakuwa na nafasi za kuwatosha. Nafasi leo zipo. Walezi ndio wachache.

Na hapa ndipo siasa za elimu zinapogusa suala hili moja kwa moja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliweka shabaha ya asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Serikali zote zilizofuata zimebaki mbali sana na shabaha hiyo. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa majuma kadhaa wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa zamani wa mishahara. Anayefanya utafiti wa seli za kikaboni hawezi kuifungia sampuli yake kabatini hadi mgomo uishe. Ikiachwa hewani huoza.

Upo pia upande wa lawama usiokuwa wa Serikali. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilitoa shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingilia kati na kuchunguza namna wanafunzi hao walivyosimamiwa. Mjadala uliofuata ulijikita katika idadi. Ungefaa ujikite katika saa: msimamizi mwenye wanafunzi kumi na masomo ya shahada ya kwanza ya kufundisha humpa kila mmoja wao dakika ngapi kwa mwezi? Mfumo wa kupandisha wahadhiri vyeo huhesabu makala na wahitimu. Haumhesabii mtu jioni aliyokaa na mwanafunzi kutafuta kwa nini mkondo wa umeme umeshuka, na kwa kawaida jioni hiyo ndiyo humfanya mwanafunzi kuwa mtafiti.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa. Paneli za silikoni zimeshuka bei mno, zina ufanisi unaozidi asilimia 20 na hudumu miaka 25. Kwa nini mwanafunzi wa Migori ahangaike na plastiki isiyostahimili jua? Hoja hiyo ina uzito, na anayemwambia mkulima wa Uriri angojee sola ya kikaboni badala ya kununua iliyopo anamdanganya. Rekodi zinazotangazwa ni za seli ndogo kuliko ukucha. Oksijeni, maji, joto na miale mikali huzila haraka.

Lakini udhaifu huo ndio unaolipa ziwa nafasi yake. Sehemu kubwa ya vipimo vya uimara imefanywa Ulaya, Marekani na Asia Mashariki, ndani ya maabara zenye hewa iliyodhibitiwa. Mtu anayetaka kujua jinsi seli itakavyoishi chini ya jua la ikweta, katika unyevu wa asubuhi, vumbi la Nyatike wakati wa kiangazi na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kujibandika kwenye kila kitu cheupe, hana budi kuipima hapohapo. Kazi hiyo haihitaji kiwanda. Inahitaji fremu juu ya paa, vipimajua, kompyuta na wanafunzi wanaosoma takwimu kila siku kwa miaka kadhaa, na profesa wa Nairobi, Addis Ababa au Linköping anayekuja mara tatu kwa mwaka kuwakosoa, kama Djerassi alivyofanya. Ujuzi utakaopatikana hautapotea hata kama seli za kikaboni zitashindwa sokoni, kwa maana anayejua kupima uchakavu wa polima anajua pia kupima uchakavu wa silikoni na betri za wavuvi.

Wenyeji wa Migori wana kumbukumbu ya upande wa pili. Katika miaka ya 1950 bwawa la Gogo lilijengwa kwenye Mto Kuja, likazalisha megawati 2 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Mgodi ulifungwa, bwawa likabaki, na vijiji vingi vilivyolizunguka vilikaa gizani kwa miongo mingi.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mipango ya aina hiyo kwa kawaida huhesabu nguzo, taa za barabarani na zahanati zitakazofungiwa sola. Vyuo vikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na huu ndio utetezi ambao kaunti hutoa zinapoulizwa kuhusu utafiti. Hata hivyo, hakuna kifungu kinachoizuia Homa Bay au Migori kuandika katika mpango wake kwamba taa zake zote mpya zitapimwa na wanafunzi wa Tom Mboya na Rongo, na kulipia usafiri wa msimamizi wao.